Kabla Hujachagua Samaki, Yajue Maji Yako

Tangi langu la kwanza halikumaliza wiki mbili. Nilinunua samaki tisa kwa siku moja: neoni sita wadogo wa bluu na wekundu, enjeli wawili, na mmoja wa njano mwenye milia myeusi ambaye muuzaji hakumjua jina. Nilimwuliza kama wataelewana. "Kaka, wasiwasi wa nini? Hawa wote ni wa maji baridi." Asubuhi ya tatu nilihesabu neoni wanne. Wiki ilipokwisha hakubaki hata mmoja, na enjeli mdogo alikuwa amebanwa kwenye kona, mapezi yamechanika, yule wa milia akimzunguka bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Maji yalikuwa safi. Ugonjwa haukuwapo. Nilikuwa nimewafungia chumba kimoja viumbe wasiopaswa kukutana, basi.

Neno "maji baridi" ndilo lililonipoteza, na naona linaendelea kuwapoteza wengi. Kwa Kiswahili tunalitumia kwa maji yoyote yasiyo ya bahari, yawe ya ziwa, ya mto au ya kisima. Lakini kwa samaki hayo si maji ya aina moja. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na pH yake inakaribia 9. Maji ya mto Negro nchini Brazil, nyumbani kwa kardinali, ndugu wa neoni, yana rangi ya chai, karibu hayana madini, na pH yake huweza kushuka chini ya 5. Kipimo cha pH huzidisha mara kumi kwa kila hatua, kwa hiyo kutoka 5 hadi 9 tofauti ya ukali ni mara 10,000. Samaki wa huku ukimtia kule huenda asife siku hiyo. Atafifia rangi, atakunja mapezi, ataacha kula kidogo kidogo, na maradhi ambayo mwenzake angeyashinda yatamwua yeye.

Kwa hiyo nakuomba uanze pale ambapo mimi sikuanza. Usiende dukani kwanza. Pima maji ya nyumbani kwako.

Vipo vikaratasi vya kupimia pH na ugumu wa maji, vinavyouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo na ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea. Nunua, si ghali ukilinganisha na samaki watakaokufa. Ukivikosa, jiko lako litakupa fununu. Tazama ndani ya birika: kama kuna utando mgumu mweupe unaong'ang'ania, maji yako ni magumu, yana chokaa. Fua kitambaa kwa sabuni ya mche: povu likikataa, jibu ni lile lile. Wanaotumia visima vya Unguja, vya Mombasa na vya mwambao kwa jumla, ambako ardhi ni mawe ya matumbawe, kwa kawaida wana maji magumu. Maji ya mvua ni laini, na ya chemchemi nyingi za milimani huwa laini pia. Kisima kikiwa na ladha ya chumvi ulimini, usikitumie kabisa kwa samaki nitakaowataja hapa. Tafuta maji mengine.

Ukishajua ulichonacho, kikubali. Madukani kuna dawa za kushusha na kupandisha pH, nami sizipendekezi kwa anayeanza. Maji magumu hushushwa leo, kesho yamepanda tena yenyewe, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakomchosha samaki kuliko pH ya juu iliyotulia. Wachague samaki wanaoyataka maji uliyo nayo. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuchagua samaki watakaoelewana, kwa kuwa wote watakuwa wametoka katika maji yanayofanana.

Mdomo, hasira na chakula

Maji yakikubaliana, bado yako mambo matatu ya kuuliza kabla ya kutoa pesa.

La kwanza ni ukubwa wa mdomo. Samaki humeza kinachoingia mdomoni. Hana chuki na jirani yake, amekiona chakula. Enjeli wa dukani ni mdogo kama sarafu, lakini akikomaa hufikia sentimeta 15, na huko Amazon samaki wadogo wa umbo la neoni ni sehemu ya mlo wake. Oska anauzwa akiwa na urefu wa kidole, mpole, mwenye macho ya udadisi. Ndani ya mwaka mmoja au miwili anapita sentimeta 30. Yule anayenyonya kioo, ambaye watu humnunua ili "asafishe tangi", hupita sentimeta 40 na hutoa kinyesi kingi kuliko mwani anaoula. Usiulize samaki ana ukubwa gani sasa. Uliza atakuwa mkubwa kiasi gani, na muuzaji akishindwa kukujibu, rudi nyumbani ukatafute jibu kabla hujanunua.

La pili ni tabia. Wako samaki wa kundi, ambao wakiwa peke yao huishi kwa hofu: neoni, na koridora wanaopekua mchangani. Hao wanunuliwe sita au zaidi wa aina moja. Wako wachokozi wa kudonoa mapezi, kama Puntigrus tetrazona mwenye mistari minne myeusi, ambaye madukani huitwa taiga. Ukimweka na wenzake wanane au kumi, uchokozi wao huishia wao kwa wao. Ukiweka wawili pamoja na gapi mwenye mkia mrefu, mkia huo utakwisha. Beta dume, maarufu kwa jina la faita, asikae na dume mwenzake hata kwa saa moja. Na wako wenye mipaka, wanaochukua jiwe au kona na kuilinda kama shamba la urithi. Hawa hawafugiki kwa bahati; tangi lao hupangwa.

La tatu ni chakula, jambo ambalo wengi hulisahau. Samaki mla mwani na samaki mla nyama wanaweza kuelewana tabia na maji, kisha mmoja akafa kwa sababu kile unachomlisha mwenzake kinamvimbisha tumbo. Nitalirudia hili nikifika kwa samaki wa Ziwa Nyasa.

Kuhusu goldfishi, nasema kwa kifupi. Asili yake ni China, anataka maji ya nyuzi 18 hadi 22, anakua zaidi ya sentimeta 20 na anachafua sana. Si samaki wa joto, na wala si mwenzi wa samaki yeyote niliyemtaja hapa. Bakuli la duara ambalo huuzwa nalo halimfai hata akiwa peke yake.

Tangi la mbuna

Kwa mwenye maji magumu, na hao ni wengi kati yetu wa pwani, ushauri wangu ni mmoja: fuga samaki wa maziwa yetu. Maji ya Ziwa Nyasa yana pH ya kati ya 7.7 na 8.6, na joto la nyuzi 24 hadi 28. Kwenye miamba ya mwambao wake, kuanzia upande wa Malawi hadi huku kwetu Mbamba Bay, wanaishi samaki wadogo wa rangi za kushangaza wanaoitwa mbuna. Jina hilo ni la Watonga wa kando ya ziwa hilo, na wafugaji wa Ujerumani, Japani na Marekani wanalitumia lilivyo. Ukoo wao ni wa sikilidi, ukoo ule ule wa sato wa mezani na furu wa Mwanza. Inaniuma kwamba mtoto wa Dar es Salaam anaweza kumtaja neoni wa Amazon na asijue kwamba samaki wa njano kama limau anaishi ndani ya ziwa ambalo nchi yake inapakana nalo.

Yule wa milia wa tangi langu la kwanza alikuwa mbuna. Jina lake Melanochromis auratus. Jike ni la njano lenye milia myeusi. Dume likikomaa linageuka jeusi. Ni mmoja wa mbuna wakali kuliko wote, na dume moja linaweza kutawala tangi zima peke yake. Wauzaji wanampenda kwa kuwa akiwa mdogo anavutia macho. Wewe mwache.

Anza na Labidochromis caeruleus, wa njano, mtulivu kuliko mbuna wengi. Mwongezee Iodotropheus sprengerae, wa rangi ya kutu yenye zambarau, naye si mgomvi. Ukitaka bluu, chukua Cynotilapia wenye pau nyeusi. Angalia jinsi rangi zinavyotofautiana: dume la mbuna humshambulia zaidi yule anayefanana naye, kwa sababu ndiye mshindani wake wa majike. Aina mbili za njano ndani ya tangi moja ni kesi isiyokwisha. Tena aina zinazokaribiana sana huzaana, na watoto wao hawana thamani kwa mfugaji yeyote makini.

Tangi la futi nne, yaani sentimeta 120 kwa 40 kwa 45, linachukua lita 216. Fundi wa vioo mzuri anaweza kukutengenezea, ila mweleze kwamba silikoni isiwe ile yenye dawa ya kuzuia ukungu, na kwamba meza itabeba zaidi ya kilo 200 za maji kabla ya mawe. Ndani yake weka samaki kumi na tano hadi kumi na wanane: aina tatu, kila aina dume moja na majike manne au matano. Utaona ni wengi, na kwa samaki wengine ningekukataza. Kwa mbuna, wakiwa wachache, dume kubwa huchagua mnyonge mmoja na kumwandama hadi afe. Wakiwa wengi, kila mmoja anafukuzwa kidogo na hakuna anayefukuzwa kutwa. Gharama yake ni filta yenye nguvu na kubadilisha theluthi moja ya maji kila wiki, bila kuruka.

Panga mawe juu ya kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga, kwa sababu mbuna huchimba, na jiwe lililokalia mchanga huanguka. Rundika mawe hadi karibu na juu, yawe na mapango mengi kuliko idadi ya samaki. Ukija kuongeza samaki mpya baadaye, yapange mawe upya siku hiyo hiyo: mipaka ya zamani inafutika, na mgeni anaanza sawa na wenyeji.

Chakula cha mbuna wengi ni mwani wanaoukwangua kwenye miamba pamoja na vidudu vilivyomo. Utumbo wao ni mrefu, umeumbwa kwa majani. Wape chakula cha spirulina, mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, njegere zilizomenywa. Moyo wa ng'ombe na minyoo, ambavyo baadhi ya wauzaji huvisifia kwamba "vinakuza", huwaletea uvimbe wa tumbo unaoua ndani ya siku chache. Ndiyo sababu siwachanganyi mbuna na Aulonocara, samaki wazuri mno wa ziwa hilo hilo wanaotafuta wadudu mchangani. Maji ni yale yale. Chakula ni tofauti, na mbuna wana fujo kuliko Aulonocara wanavyoweza kuvumilia.

Siku moja utaona jike halili, koo limejaa, linatafuna bila kumeza. Amebeba mayai mdomoni. Atakaa hivyo kwa takriban wiki tatu, akifunga, hadi vifaranga watoke wakiwa wameshajua kuogelea. Mimi nimeliona mara nyingi na bado huacha ninachofanya nikakaa kutazama.

Makome ya Tanganyika

Kama nafasi yako ni ndogo, kuna samaki mwingine. Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika ni mmoja wa sikilidi wadogo kuliko wote duniani: dume halifiki sentimeta 5. Anaishi ndani ya makome matupu ya konokono, familia nzima ikiwa na kijiji chake mchangani. Lita 60, mchanga laini wa kina cha sentimeta 5, makome yaliyochemshwa vizuri, mawili au matatu kwa kila samaki, na kundi la sita. Usiwawekee mwenzi mwingine. Watachimba, watasogeza makome, watagombana kwa vitisho bila kuumizana, na baada ya miezi michache utakuwa na vizazi viwili au vitatu vinavyoishi pamoja.

Samaki mwingine wa ziwa hilo, Neolamprologus brichardi, ambaye wafanyabiashara walimbatiza Binti Mfalme wa Burundi, ana mapezi marefu na jambo la ajabu: kaka na dada wakubwa hubaki kuwalinda wadogo zao. Mnunue ukijua kwamba ukoo huo ukishamea, wageni wote wa tangini watasukumwa kwenye kona ya juu. Mpe tangi lake mwenyewe. Tropheus nao, wale wanaopatikana kwenye miamba ya kusini mwa Kigoma, waache hadi uwe na uzoefu. Wanataka kundi kubwa na ni wepesi wa kuugua tumbo.

Wenye maji laini

Kwako wewe wa milimani, au unayevuna mvua kwa paa safi, Amazon iko wazi. Neoni kumi, koridora sita, mimea mingi, mwanga usio mkali, lita 100: hilo ni tangi tulivu ambalo hata anayeanza analimudu. Ukiwa na lita 200 na tangi lenye kina, unaweza kufuga enjeli na koridora, lakini neoni waondoe. Diskasi, naye wa Amazon, anataka nyuzi 28 hadi 30, joto ambalo koridora wengi hawalifurahii, kwa hiyo hata ndani ya Amazon si kila jirani anamfaa jirani. Kule juu, Mbeya, Lushoto au Nairobi, utahitaji hita, takriban wati 1 kwa lita.

Gapi, plati na moli, kinyume na wanavyodhani wengi, ni samaki wa maji magumu. Wanafaa pwani. Chukua majike mawili au matatu kwa kila dume, maana madume hayawapi majike mapumziko. Jike huzaa karibu kila mwezi, na anaweza kuhifadhi mbegu ya dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hata ukinunua majike pekee, jiandae kwa vifaranga.

Kusubiri

Sasa tangi limejaa maji, filta inafanya kazi, na mikono inawasha kwenda dukani. Subiri wiki nne hadi sita. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye sponji ya filta huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaiondoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawapo kwenye tangi jipya. Walishe kwa kutia chembe chache za chakula cha samaki kila siku, ioze, au omba kipande cha sponji chafu kutoka kwa mfugaji ambaye tangi lake lina afya. Hiyo hufupisha muda sana. Mwenye maji magumu azingatie zaidi: kwenye pH 8 sehemu ya amonia inayoua ni karibu mara kumi ya ile ya pH 7. Kosa ambalo neoni kwenye maji laini angelivumilia, mbuna hatalivumilia.

Sponji ioshwe ndani ya ndoo ya maji ya tangi, kamwe isioshwe bombani, kwa sababu klorini huua bakteria. Maji ya bomba yakae wazi kwenye ndoo saa 24 kabla ya kuyatia, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini.

Umeme ukikatika, acha kulisha. Nunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri na uiweke mahali utakapoipata gizani. Miezi ya Januari na Februari tangi la Dar es Salaam huweza kupita nyuzi 30, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo: miligramu 8.3 hivi kwa lita kwenye nyuzi 25, miligramu 7.6 kwenye nyuzi 30. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyapoza. Tangi lenye samaki wengi ndilo huumia kwanza.

Samaki mpya akae peke yake kwenye ndoo au tangi dogo lenye hewa kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya kujiunga na wenzake. Ukianza, tanguliza aina tulivu, wakali waje mwisho.

Iko siku huenda utahama, au mbuna watazaana kuliko uwezo wako. Wape mfugaji mwingine, au warudishe dukani hata bila malipo. Usiwamwage mtoni, bwawani wala kwenye mtaro. Sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 na watu waliotaka kukuza uvuvi. Kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi, ambao hawakuwahi kuishi mahali pengine popote duniani, walikuwa wametoweka. Tafadhali, samaki wako wamalizie maisha yao ndani ya kioo.